Kisanduku cha Sauti ya Maalim

Nilipoingia karakana ile ya Changamwe kwa mara ya kwanza, televisheni mbovu zilikuwa zimepangwa ukutani mpaka darini, na chini yake ameketi mwanamke mtu mzima mkekani, miwani imemteremkia puani, akiipasua moja kwa bisibisi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila ya kuinua uso, kisha akaniambia nivue viatu vyangu nivae ndara za pale mlangoni.

Nikamwuliza kwa nini.

Hapo ndipo aliponitazama. "Skrubu ndogo hunasa kwenye soli," akasema. "Ukitoka nazo, zimekwenda. Nasi hapa skrubu hatutupi." Akaisukuma miwani juu. "Wewe ndiwe mwanafunzi wa atachimenti?"

"Ndimi, Mama."

"Basi vaa ndara, na maswali yako yaache hapo nje pamoja na viatu."

Viatu niliviacha. Maswali yalinishinda.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nasomea umeme katika chuo cha ufundi. Wenzangu walipelekwa kujifunza kazi mahali pa kujivunia: wengine bandarini, wengine kwenye mitambo ya umeme Kipevu, na mmoja akapata hoteli ya watalii Shelly Beach, akawa anatusimulia chakula chake cha mchana mpaka tukamchoka. Mimi nikaangukia karakana ya kufumua mashine zilizokufa. Mama yangu mzazi aliposikia alishika kiuno. "Nimekusomesha ukaokote takataka?" Nilinuna, lakini sikununa kwa moyo wote. Tangu utotoni nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kuona vitu ndani, na redio yetu ya nyumbani niliwahi kuifungua ikaniponza. Sasa nimepata mahali ambapo kufungua ndiyo kazi yenyewe, na hapana wa kunichapa.

Vitu vililetwa kwa mkokoteni: redio za meli, simu za maofisini, televisheni za mahotelini zilizoliwa na chumvi ya bahari. Sisi tulivifumua. Shaba iliwekwa upande wake, alumini upande wake, plastiki kwenye gunia. Vile vipande vidogo vilivyokuwa bado vizima tulivipima kimoja kimoja tukavipanga ndani ya vifuu vya nazi, na mafundi wa redio kutoka kila pembe ya Mombasa walikuja kutafuta humo walichokikosa madukani. Jambo hili lilinishangaza kuliko yote niliyofundishwa chuoni. Kumbe redio haifi yote kwa pamoja. Hufa kitu kimoja, na vingine vyote vikatupwa navyo vingali hai.

Tulikuwa wanne. Mama mwenye karakana alikuwa mzaliwa wa Kisauni, ameachiwa kazi ile na marehemu mumewe, naye akaipenda kuliko alivyoipenda mumewe. Yeye alikuwa mtu wa spika. Wa pili tulimwita Mjomba, mtu wa Likoni mwenye kifua kipana, ambaye kabla ya kuja kufumua simu na maiki alikuwa mnadi wa samaki. Wa tatu tulimwita Fundi, kijana kutoka bara, mpole, mchapa kazi, ambaye Kiswahili chake kilimfanya Mama afumbe macho kama mtu aliyeumwa na jino. Huyo ndiye aliyejua mambo ya amplifaya, yaani kile kiungo kinachoichukua sauti ndogo kikaikuza. Wa nne mimi, na mimi nilipewa nyaya na betri, kazi ambayo mtu hawezi kuiharibu sana.

Kila mmoja alikuwa na sinia lake la bati. Ulichokiweka siniani mwako ni chako mpaka utakapokikabidhi, na hapana aliyeruhusiwa kuchungulia sinia la mwenziwe, seuze kutia mkono. Nilipouliza asili ya sheria hiyo, Mama alinieleza kwamba zamani walikuwa wakigombana kutwa: nani kachukua kipande changu, nani kasogeza skrubu zangu. Tangu kila mtu kupata sinia lake, ugomvi ukakoma. "Amani yetu i siniani," akasema.

Kwa mtu kama mimi, hiyo ilikuwa adhabu. Nilikuwa nikipita nyuma ya Fundi polepole, macho chini, kama ninayetafuta kitu kilichoanguka, naye huku akicheka hulifunika sinia lake kwa kitambaa. "Madam, umepoteza nini leo?" huniuliza. Nami huinama nikajifanya nimeokota skrubu.

Mimi ni mtu wa Magogoni, na mwalimu aliyenifundisha madrasa utotoni alikuwa bado akifundisha kulekule. Yeye ndiye mtu mzima pekee ambaye hakuwahi kunikatiza nilipouliza jambo. Mwaka ule aliugua koo, akapasuliwa, akapona, lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono. Watoto wa mbele walimsikia, wa nyuma wakawa wanafinyana. Kamati ya madrasa ikamwita, ikamwambia kwa adabu na kwa maneno ya upole kabisa kwamba Ramadhani inakaribia, madrasa itafungwa, na itakapofunguliwa baada ya Idi ataletwa mwalimu mwingine mwenye sauti, yeye apumzike. Maalim hakutaka kupumzika. Alikuwa amefiwa na mkewe, wanawe wamehamia mbali, na wale watoto ndio waliokuwa wakimfanya aamke na kuvaa kanzu safi. Aliwaomba wamsikilize mara moja tu, siku ya dua ya kufunga madrasa. Wakamkubalia, pengine kwa kumwonea haya.

Habari hiyo nilimsimulia Mama wakati wa chai. Nilitaka kujua tu kama inawezekana: kisanduku kidogo cha kuchukua mnong'ono wa mtu kikaufikisha nyuma ya darasa. Mama akaacha kutafuna.

"Mlete," akasema.

Maalim alikuja na kofia yake ya vito na mkongojo ambao nadhani aliuchukua kwa heshima tu, maana miguu yake ilikuwa mizima. Tukampa kiti, tukamzunguka. Ilibidi Mjomba aweke sikio karibu kabisa na mdomo wake, kisha aturudishie sisi maneno kwa sauti yake ya mnadani, na mambo yaliyosemwa kwa siri yakawa yanasikika mpaka barabarani. Lakini neno moja Maalim alituashiria sote tusogee tulisikie wenyewe. "Sitaki kupiga kelele," alisema kwa ule mnong'ono wake. "Nataka mtoto wa nyuma ajue kuwa namsemesha yeye."

Alipoondoka hapana aliyetania. Mama aligawa kazi palepale. Yeye atatoa spika moja, ya redio. Mjomba atatoa maiki, ya simu. Fundi atatoa amplifaya ya redio kaseti, mimi nitaunga nyaya na kutia betri. Tukakubaliana kila kitu kiwe na nguvu kiasi gani, kila mtu akajifunika na sinia lake.

Siku zile niliona kitu ambacho sikukielewa. Mama, aliyekuwa akiimba kazini, alinyamaza. Mjomba alikuwa akija mapema na kuondoka wa mwisho. Fundi aliniomba risasi ya kulehemu nyingi kuliko iliyohitajika, na nilipomwuliza ya nini, aliniambia ni ya kazi. Nikajua kuna jambo, lakini jambo gani? Nilikereka kwa kutojua.

Kila kipande kilipokamilika tulikipima peke yake, na kila kimoja kilikuwa cha ajabu. Spika ya Mama ilitoa taarabu ukadhani mwimbaji yuko chumba cha pili. Maiki ya Mjomba ilinasa mkwaruzo wa kalamu upande wa pili wa karakana. Tukaviunga vyote ndani ya kisanduku cha mbao, kila kimoja kimeshafungwa na mwenyewe kwa kitambaa, nyaya tu zikitokeza, Mama akajibandika maiki kwenye leso, Fundi akawasha, na kabla Mama hajafika katikati ya Bismillahi kisanduku kilipiga yowe. Hakikuwa kishindo wala mkwaruzo, ni yowe hasa, kali, refu, lililotoboa masikio. Mwenye kibanda cha chai jirani alimwaga birika. Kuku waliruka ukuta.

Fundi akazima. Akawasha tena. Yowe.

"Hii kitu iko na shida ya waya," Fundi akasema.

Wote wakanitazama mimi. Nilifungua kila muungo, nikaulehemu upya mbele yao, tukawasha, kikalia vilevile. Basi nami nikasema shida ni ya amplifaya. Fundi akakaza midomo, akasema yake ameipima. Mjomba akasema wenye spika wajitazame. Mama akasema labda maiki za watu wa Likoni zimezoea kelele za samaki, na hakusema kwa mzaha. Kila mmoja alikuwa na neno hilohilo: changu nimekipima, ni kizima. Nao walikuwa wakisema kweli, ndiyo maana hasira ilikuwa kubwa.

Tukaanza kufika kazini tukisalimiana nusunusu. Masinia yakafunikwa kuliko zamani. Mwezi wa Shaabani ulikuwa ukielekea kwisha, na kila jioni nikirudi Magogoni nilipita njia ya mzunguko nisikutane na Maalim, maana angeniuliza, nami ningemwambia nini?

Lile yowe lilinisumbua kwa namna nyingine pia. Nilitaka kujua ni kitu gani kinacholia. Chuoni tulifundishwa kwamba sauti ikitoka kwenye spika ikaingia tena kwenye maiki, hukuzwa mara ya pili, ikatoka, ikaingia, ikazidi, na mzunguko huo ndio unaopiga kelele. Haimaanishi kitu kimeharibika. Humaanisha nguvu zimezidi. Lakini kwa vile vipimo tulivyokubaliana, nguvu zisingezidi kiasi kile. Nilipiga hesabu, nikairudia, na jibu lilikuwa lilelile.

Isipokuwa betri zangu. Betri nilikuwa nimeongeza moja.

Na si kwa bahati mbaya. Ukinunua korosho au mbaazi kwetu, mwenye kuuza akishakupimia hutia mkono tena akakuongezea kidogo, na mtu asiyetia nyongeza humrudii. Mimi nilipokuwa nafunga betri za Maalim wangu niliona vibaya kumpimia sawasawa kama mtu wa kupita njia. Nikamtilia nyongeza. Sikumwambia mtu, kwa sababu wema anaofanyiwa mtu kama yule haupigiwi tarumbeta.

Nilikuwa nimeinamia sinia langu nilipoyawaza hayo, na swali lile likanishika: na wenzangu je?

Kuuliza kulikuwa kugumu. Sheria ya masinia ilinizuia, na adabu ilinizuia zaidi, kwani nani humwuliza mtu mzima ametoa heri gani na kwa siri gani? Lakini siku ya dua ilikuwa inakuja, na udadisi wangu haukuwa na adabu hata siku moja. Nikalifunua sinia langu, nikalibeba, nikaliweka katikati ya mkeka.

"Mimi nilitia betri ya zaidi," nikasema. "Ni nyongeza ya Maalim. Mama, nisamehe, wewe ulitia nini?"

Nilidhani nitafukuzwa. Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la leso kwa muda mrefu.

"Spika mbili," akasema. "Niliona moja itapata upweke."

Mjomba akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Wallahi, mie nami! Maiki ya simu yatosha kwa kazi yake. Mie nikatia ile ya melini, isikiayo hata pumzi ya mtu. Nalinadi samaki maisha yangu, mwanangu. Kuna msimu sauti ilinikauka, wanunuzi wakanipita kama jiwe. Ile siku sijaisahau."

Tukamgeukia Fundi. Alikuwa akitazama ndara zake.

"Niliongeza safu ingine ya transista ya kukuza sauti," akasema taratibu. "Sikusema kwa sababu mimi si Mwislamu. Singetaka ionekane nimejipendekeza. Lakini nilipokuja hii Mombasa nilikaa Magogoni, na huyo mzee akinipata njiani alikuwa anasimama, ananisalimia mpaka amalize. Habari ya nyumbani, habari ya kazi, habari ya wazazi. Sikuwa najua mtu mwingine yeyote huku."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hata Kiswahili chake hakumsahihisha.

Sasa tulijua kinacholia. Kilikuwa kinalia kwa mapenzi yetu, na ilibidi tuyapunguze. Hapo ukaanza ugomvi mpya, maana hapana aliyetaka kuondoa yake. Mama alisema apunguze Fundi. Fundi alisema tutoe betri. Mimi nilisema betri ni moja tu jamani, na nusura nilie. Aliyetuokoa ni Mjomba. Alisimama, akaweka mkono shavuni, akaanza kunadi kama yuko sokoni, ila alinadi kinyumenyume: "Haya, nani apunguza! Nina binti hapa atoa betri moja! Betri moja, nani azidisha? Mama atoa spika! Spika imetoka! Mie natoa ya melini narudisha ya simu, nani atanishinda? Fundi, watu wakungoja!" Fundi akacheka, akachukua kile chuma cha kulehemu, akaanza kuitoa ile safu yake.

Siku ya pili Mama alikuja na sinia kubwa la shaba la nyumbani kwake, lile la kupakulia pilau ya harusi. Akalitua mkekani, akamwaga humo vipande vyote vya kisanduku, na tukakaa sote wanne kulizunguka. Kwa mara ya kwanza niliona mikono ya Fundi ikifanya kazi kwa karibu. Niliuliza maswali niliyoyaweka tangu siku ile ya ndara, na nilijibiwa yote. Mmoja akipandisha kidogo, mwingine hushusha. Mama hunong'ona, Mjomba husimama mlangoni akisikiliza, mimi huhesabu nguvu, Fundi hulehemu. Yowe likatoweka.

Tatizo ni kwamba sauti iliyobaki ilikuwa ndogo. Ilikuwa safi, lakini ndogo, na tulipoipandisha kidogo tu yowe lilirudi. Kwa vitu vibovu tulivyokuwa navyo, huo ndio uliokuwa mwisho wetu. Tulijua Maalim aliwaahidi kamati kwamba atasikika mpaka nyuma. Tulijua pia kwamba sauti haitafika huko.

Siku ya dua tulikwenda Magogoni sote. Fundi hakuwa na hakika kama aingie, Mama akamshika mkono wa shati akamwingiza. Tulisimama ukutani nyuma kabisa. Watu wa kamati walikuwa wameketi kwenye jamvi lao karibu na mlango, mwenyekiti wao mbele, mzee mwenye ndevu nyeupe ambaye uso wake haukusema kitu. Maalim alikuwa na maiki chini ya kola ya kanzu na kisanduku kwenye meza ndogo. Akawasha.

Alisema. Sauti ikatoka, nyembamba, kama ya mtu aliye nyumba ya jirani. Niliona vichwa vya mbele vikiinuka. Vya katikati vikatulia. Sisi wa nyuma tulisikia kuwa anasema, lakini asemalo hatukulipata. Mama alinibana kiganja mpaka kikaniuma. Mwenyekiti wa kamati alipitisha mkono ndevuni, akamtazama mwenziwe.

Maalim akauliza swali. Mbele wakainua mikono, nyuma kimya. Kisha msichana mmoja aliyekuwa ameketi mbele yetu hasa akainuka, juzuu yake kifuani, akawaruka wenzake, akaenda kuketi karibu na kile kisanduku. Akafuata mwingine. Wakafuata watatu wakiburura mkeka, na nusu ya darasa ikainuka kwa kishindo, na hapana mtu aliyewakataza. Wakajibana mbele, magoti juu ya magoti, mpaka nyuma yote ikabaki sakafu tupu. Maalim akawatazama. Akanyoosha mkono kwenye kisanduku chetu, na badala ya kuipandisha sauti akaishusha.

Mwenyekiti alitega sikio. Akaegemea mbele. Mwishowe akainuka, akachukua viatu vyake mkononi, akaenda kuketi nyuma ya watoto, karibu kabisa, na kamati ikamfuata.

Baada ya Idi mwalimu mwingine hakuletwa, na maneno yale hayakutajwa tena, lakini hayo tulikuja kuyajua baadaye. Saa ile tulibaki ukutani watu wanne, na hatukusikia chochote.

"Anasema nini?" Fundi akaninong'oneza.

Sikujua. Tukasogea.